Kamusi ya Mtoto Mmoja

Jioni hii nimekuja na habari ya nyumbani kwetu, hapa Rumonge, Burundi, kando ya ziwa. Nimeomba ruhusa ya wenyewe kabla ya kuileta hewani.

Dada yangu ana mtoto wa kiume wa miaka saba. Hajawahi kumwita mtu mama. Neno analolisema kuliko yote ni "Buja". Anaweza kulirudia mara hamsini kwa asubuhi moja, kwa sauti ileile na mwendo uleule: Buja, Buja, Buja. Kila aliyepita kwenye maegesho ya magari ya Rumonge anaijua sauti hiyo. Ndivyo makonvwayeri wanavyoita abiria wa kwenda Bujumbura, wakiwa wamening'inia mlangoni. Wageni wakija nyumbani husema, masikini, mtoto anapayuka. Na mimi nilidhani anapayuka.

Dada alinisahihisha siku moja akiwa anaanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Mtoto alisimama mlangoni akaanza, Buja, Buja. Dada akaacha ndagala, akanawa mikono, akamvalisha kandambili, wakatoka wakazunguka nyumba. Mtoto akatulia. "Anasema nimtoe nje," akaniambia. "Kila tulipotoka kwenda safari alilisikia neno hilo, kisha tukaondoka. Kwake Buja ni kutoka." Akanitajia na mengine. "Bei gani" ni nipe, kwa sababu sokoni mtu akishasema bei gani hukabidhiwa kitu mkononi. "Zima taa" maana yake kelele zimezidi, masikio yanamuuma, hata kama ni saa saba mchana. Ameona kwamba taa ikizimwa nyumba hunyamaza. Nilikaa naye kwenye jamvi tukahesabu maneno na ishara zaidi ya thelathini. Kamusi nzima, na anayeijua ni mtu mmoja.

Mwezi mmoja baadaye dada akashikwa na malaria kali, akalazwa siku nne. Mtoto akabaki nasi. Siku ya pili watoto walikuwa wengi, redio inaimba, mvua inapiga mabati, naye akaanza kusema zima taa, zima taa. Shangazi yetu akamjibu kwa upole kwamba taa haijawashwa, mwanangu, ni mchana. Akaendelea kusema mpaka akaanza kugonga kichwa ukutani. Niliyajua maneno hayo, nilikuwa nimeambiwa, lakini sikuwapo nyumbani saa ile, na nilikuwa sijamwambia mtu. Alama ya kidonda bado ipo juu ya jicho la kushoto.

Siku nne zile ndizo zilizonipeleka kwenye habari ya akili mnemba, ile ambayo wengine huiita akili unde: programu za simu na kompyuta zilizofundishwa kwa maandishi, sauti na picha nyingi mno hadi zikaweza kujibu maswali, kutafsiri, kuandika kinachosemwa na kutambua sura. Nilijiuliza kama kuna namna mashine hizi zinavyoweza kumsaidia mtu anayelea mtoto kama huyu nyumbani, hapa kwetu, ambako wataalamu ni wachache, umeme wa kubahatisha, na safari ya Bujumbura, kilomita sabini na kitu, inasubiri mafuta ya gari yapatikane. Nimeuliza, nimesoma, nimejaribu. Nitakuambia nilichokiona.

Kwanza hali yenyewe. Watanzania wanaiita usonji, Kenya utasikia otizimu, na hapa kwetu daktari atakuandikia kwa Kifaransa. Hauambukizi, wala si adhabu. Ni ubongo uliojengeka kwa namna yake tangu mwanzo, na namna hiyo inaonekana katika kusikia sauti, katika kupokea mguso na mwanga, katika kuzungumza, katika kushika mazoea. Mwingine atakuwa hasemi kabisa, mwingine atasema kama mwalimu na asijue jinsi ya kucheza na wenzake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Piga hesabu kwa mtaa wako, kisha ujiulize wako wapi. Wengi wako ndani, nyuma ya pazia.

Na sehemu kubwa ya elimu ya usonji, msikilizaji, ilianza na karatasi za mzazi. Mwaka 1938, katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi huko Marekani, baba mmoja aliyeitwa Beamon Triplett alimwandikia daktari Leo Kanner wa Baltimore barua ndefu ya kurasa 33 kuhusu mwanawe Donald. Alieleza jinsi mtoto anavyozungusha vitu, anavyorudia maneno, anavyoridhika kuwa peke yake. Mwaka 1943 Kanner alichapisha makala kuhusu watoto 11, na Donald ndiye wa kwanza kuelezwa. Sehemu kubwa ya yale daktari aliyoyaandika juu yake ilitoka katika barua ile. Miaka mitatu baadaye Kanner akaandika makala nyingine juu ya maneno ya watoto hawa tu, akionyesha kwamba maneno yanayoonekana hayana kichwa wala miguu yana asili yake. Mtoto mmoja alikuwa kila akiona sufuria anatamka maneno ya wimbo wa kitoto. Kumbe alipokuwa na miaka miwili mama yake alikuwa akimwimbia wimbo huo, sufuria ikamponyoka. Tangu hapo sufuria ikawa na jina lake. Niliposoma hayo nilimpigia dada simu usiku huohuo.

Donald Triplett alifanya kazi benki katika mji wake, akacheza gofu, akasafiri, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Watu wa Forest walimjua na kumzoea tangu utoto.

Ni huzuni kwamba Kanner huyohuyo aliandika pia juu ya wazazi wenye moyo baridi, na wengine baada yake, Bruno Bettelheim akiwa mbele, wakawabebesha akina mama lawama kwa miaka mingi. Aliyesaidia kuivunja hoja hiyo ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye alikuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, kwa kitabu alichokitoa mwaka 1964. Kwetu lawama zina sura nyingine lakini zinamwangukia mtu yuleyule. Mwaka 2015 Joseph Gona, Amina Abubakar na wenzao walichapisha utafiti walioufanya pwani ya Kenya, wakizungumza na wazazi na wataalamu wenye dini na makabila mbalimbali. Waliulizwa usonji unatoka wapi. Wakataja mashetani, uchawi na laana, pamoja na matatizo ya uzazi na maradhi. Na kwa tiba, wengi walizunguka kote, kwa waganga, kwenye maombi na hospitali. Ungeyasikiliza mazungumzo hayo hapa Rumonge ungedhani yalirekodiwa nyuma ya soko letu.

Sasa mashine. Nje huko zipo nyingi. Chuo Kikuu cha Stanford kilitengeneza miwani yenye kamera ndogo inayomwambia mtoto mtu aliye mbele yake anacheka au amekasirika. Watoto 71 walihusika katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, baadhi yao wakaitumia nyumbani kwao, na walioitumia walionyesha maendeleo. Chuo Kikuu cha Yale kiliwapelekea watoto 12 roboti nyumbani kwa mwezi mmoja. Chuo Kikuu cha Duke kina programu ya kompyuta ya mkononi inayomwonyesha mtoto mdogo video fupi na kupima macho yake yanatazama wapi, uso unasemaje, anageuka akiitwa jina. Waliijaribu kwa watoto 475 na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023. Kazi nzuri hizo, na sizibezi.

Ila nina jambo moja la kuwauliza waliozitengeneza, nalo ni macho. Mtoto aliyelelewa vizuri hapa Burundi hamkazii macho mtu mzima. Akiitwa na babu huinamisha kichwa, akipewa kitu hupokea kwa mikono miwili akitazama chini. Hiyo ndiyo heshima tuliyofundishwa. Mashine iliyojifunza kwa nyuso za watoto wa North Carolina au California itamsomaje mtoto wa Kigwena? Inaweza kumwona ana tatizo asiye nalo, na mwenye usonji kwelikweli ikampita kwa kuwa amekaa kimya kwa adabu. Mpaka watoto wa maziwa haya wapimwe, kwa ruhusa ya wazazi wao na mbele ya wataalamu wanaoijua nyumba yetu, mimi nisingekubali simu imwambie dada yangu mtoto wake ana nini au hana nini.

Tuache kupima, turudi kwenye kulea. Huko ndiko wazazi wanakoshinda na kulala.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto waliochelewa kukua au wenye ulemavu wa ukuaji. Ni vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na tangu mwaka 2022 yako pia kwenye intaneti. Yanaendeshwa na watu wa kawaida waliofunzwa, si lazima wawe madaktari bingwa. Ethiopia na Kenya yamekuwa yakifanyiwa kazi kwa miaka kadhaa sasa. Nikiyasoma, kilichonigusa ni kwamba hayaanzi na dawa wala kifaa. Yanaanza na kazi za nyumbani kama kuosha vyombo. Keti chini ulingane na mtoto, uwe mbele ya uso wake, fuata kile anachokipenda yeye, kisha uongeze neno moja. Mkiwa mnachambua ndagala, mpe mmoja, sema "ndagala", subiri. Subiri kweli. Asiposema, onyesha kwa mkono. Kazi ya kila siku ndiyo darasa, na inarudiwa kila siku kwa mpangilio uleule ili mtoto ajue kinachofuata.

Yote hayo mama wa Rumonge anayaweza. Ana ndagala wa kuchambua, ana maji ya kuchota, ana mawese ya kuchuja. Anachokosa ni mtu wa kumweleza kwa lugha yake, wa kumjibu saa tano usiku mtoto akiwa hajalala, na wa kuyaweka yale anayoyajua yeye yasipotee. Hapo, naona, mashine ina kazi.

Tulianza na daftari. Mimi na dada tulikubaliana kwamba kila jioni atasema kwenye simu mambo matatu: mtoto alisema nini, ilitokea nini kabla, alitulizwa na nini. Dada kuandika si kazi yake, aliacha shule darasa la nne wakati wa vita, lakini kusema anasema vizuri. Programu ya simu ikageuza sauti kuwa maandishi, nyingine ikayapanga kwa tarehe. Wiki ya kwanza nilifurahi sana. Wiki ya pili nikasoma mstari mmoja nikashtuka. Ulisema: leo mtoto alikula mkeka.

Alikula mukeke. Samaki wetu, msikilizaji, yule anayejulikana kila nyumba kuanzia Kigoma mpaka Uvira. Mashine haikumjua, ikachukua neno la Kiswahili lililo karibu. Kwa mtoto mwingine kosa hilo lingepita. Kwa mtoto mwenye usonji si dogo, kwa sababu baadhi yao hula kweli vitu visivyo chakula, udongo, karatasi, nyuzi, na daktari akisoma kuwa mtoto anakula mkeka ataanza kutafuta tatizo ambalo halipo. Tangu siku hiyo tunasikiliza sauti upya na kusahihisha kila Ijumaa, dada akiwa na simu na mimi nikiwa na kalamu. Na sauti zenyewe hatuzifuti.

Tatizo si la samaki peke yake. Sisi tunachanganya. Sentensi inaanza kwa Kiswahili, inapita Kirundi, inamalizikia kwa neno la Kifaransa, na wapo waliorudi kutoka Tanzania baada ya kuwa wakimbizi tangu mwaka 1972, wengine sasa wako Mutambara, wana Kiswahili cha kambini na cha Kigoma. Kiswahili mashine zinakijua kiasi. Kirundi zimekianza juzijuzi. Google walikiingiza kwenye mashine yao ya kutafsiri mwaka 2024. Ndugu zetu wa Kinyarwanda walifanya jambo la kuigwa: watu wa kujitolea walisoma sentensi kwa sauti zao wakazitoa kwa mradi wa Common Voice, zaidi ya saa 2000 za sauti, ndiyo maana leo mashine zinawasikia vizuri kuliko zinavyotusikia sisi. Vijana wa Rumonge wenye simu, kazi hiyo iko mbele yenu. Someni, mtaje mukeke, mtaje ndagala na sangala, mtaje majina ya mitaa. Kila neno mtakalolitoa ni kosa moja linalopungua kwenye daftari la mama fulani.

Na kwa kuwa nimegusa lugha: kuna wazazi walioambiwa waache Kirundi au waache Kiswahili nyumbani, eti lugha mbili zinamchanganya mtoto mwenye usonji. Tafiti zilizofanywa hazikuonyesha kwamba lugha mbili zinamdhuru. Zungumza naye lugha inayotoka moyoni mwako. Ukimnyima lugha ya bibi yake unamnyima na bibi.

Jaribio la pili lilikuwa maswali. Dada aliuliza, kupitia kwangu, mtoto halali mpaka saa saba usiku, nifanye nini. Mashine ikajibu kwa Kiswahili safi kabisa: mpe chumba chake chenye utulivu, weka pazia zito, nunua blanketi la uzito maalumu, muone mtaalamu wa usingizi. Dada alisikiliza yote, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Chumba chake?" Nyumba yao ni vyumba viwili, watu sita. Niliona aibu, kana kwamba nimemletea mgeni aliyeingia ndani bila kuvua viatu.

Basi tukauliza tena, safari hii tukieleza nyumba ilivyo: watu sita, chumba kimoja cha watoto, hakuna umeme, injini za boti zinasikika zinapotoka jioni, mtoto anapenda maji na anaogopa kukohoa kwa babu. Majibu yakabadilika. Mwogeshe saa ileile kila siku, kabla giza halijaingia. Simu na tochi viwekwe mbali naye saa nzima kabla ya kulala. Alale upande wa ukuta, mbali na babu. Fanyeni mambo yaleyale manne kwa mpangilio uleule kila usiku, na myachore. Tulichora kwa kalamu ya mkaa kwenye kipande cha boksi: beseni, sahani, mkeka, taa iliyozimwa. Mtoto alikishika kile kipande siku nzima ya kwanza. Sasa hulala mapema zaidi, si kila siku. Juzi hakulala kabisa.

Kwa hiyo mama ukiuliza, eleza nyumba yako kwanza. Mashine haijawahi kufika. Na kuna maswali ya kutoiuliza kabisa: kipimo cha dawa, kuacha dawa ya kifafa, mtoto mwenye degedege, mtoto aliyeumia. Hayo ni ya kituo cha afya. Watoto wasiofika miaka mitano wanatibiwa bure katika vituo vya serikali tangu mwaka 2006, usisite. Mashine hizi zina tabia ya kujibu kwa uhakika hata pale zinapokosea, na zina tabia ya kumkubalia mwulizaji. Ukiiuliza umeshaamini, itakufuata.

Hili nalisema kwa uzito kwa sababu ya zile tiba zinazopita kwenye simu zetu. Kuna kitu kinachouzwa kama maji ya miujiza, wanasema kinaponya usonji na malaria na kila kitu. Ukikichanganya kama wanavyoelekeza kinageuka klorini daioksaidi, kemikali ya kung'arishia karatasi na nguo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilirudia kuwaonya watu mwaka 2019. Mtoto akinyweshwa anaungua tumbo. Na chanjo: lile andiko la mwaka 1998 la Uingereza lililozihusisha na usonji lilihusu watoto 12 tu, likafutwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Mpeleke mtoto chanjo.

Jingine ni siri ya mtoto. Video za mtoto akiwa amelemewa, anapiga kelele, amejirarua nguo, zinasambaa haraka. Usizipakie kwenye programu yoyote ili ikuambie ana nini. Usiandike jina lake kamili wala la mlima mnakoishi. Sisi kwenye daftari tunamwandika kwa herufi moja. Simu zetu zinazunguka: leo kwa mama, kesho kwa kaka, keshokutwa kwa fundi pale sokoni kubadilisha kioo, na fundi anaona kila kitu. Mtoto huyu atakuwa mtu mzima. Atakayoyakuta juu yake ni yale tutakayokuwa tumeyaacha.

Halafu ziwa. Hapa naomba kina baba wanisikilize pia. Joseph Guan na Guohua Li wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa vifo vya watu wenye usonji Marekani, wakakuta kwamba watoto wasiofika miaka 15 walikuwa katika hatari ya kufa maji mara 160 kuliko watoto wengine. Watoto hawa hutoroka kimya, na wengi wanavutwa na maji, mng'aro wake, sauti yake. Sasa sisi tunaishi ufukweni, na miaka hii ziwa limepanda likafika mpaka kwenye kuta za nyumba. Zipo bangili zinazoonyesha kwenye simu mtoto alipo, lakini zinahitaji chaji, mtandao na pesa, na mtoto akifika majini dakika mbili zinatosha. Dada aliweka komeo juu ya mlango, mahali mtoto hafiki. Kisha akafanya jambo lililomgharimu zaidi: alimchukua mtoto kwa mkono, akaenda naye pwani mitumbwi inapoegeshwa, akamwonyesha kwa wavuvi mmoja mmoja. Huyu ni wangu. Hasemi. Mkimuona peke yake, mshikeni mkono msimpigie kelele, mwambieni Buja, atawafuata. Miaka saba alikuwa amemficha. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu alisimama, akamsalimia mtoto kwa jina, akamwambia dada, "Mbona ulichelewa kumleta, mwanangu?" Wiki tatu baadaye vijana wa boti walimrudisha, miguu imelowa mpaka magotini.

Mwezi uliopita walikwenda Bujumbura kumwona daktari. Awali waliwahi kukaa naye dakika kumi, mtoto analia, dada amesahau kila alichotaka kusema. Safari hii alibeba kurasa tisa, wiki sita za jioni, zimesahihishwa. Daktari akazisoma zote, akauliza maswali ambayo hakuwahi kuuliza, akaona kwamba siku mbaya nyingi zinafuata usiku ambao masikio yalimsumbua, akamchungulia masikio. Yalikuwa na usaha. Dawa ya siku saba.

Barua ya yule baba wa Mississippi ilitoka kwa mtu aliyekuwa na elimu, wakati na pesa za treni. Dada yangu hana hata kimoja kati ya hivyo. Ana sauti yake, na simu anayoichaji kwa jirani mwenye sola. Mimi ningependa kila mama anayelea mtoto wa namna hii, Rumonge, Nyanza-Lac, popote, aweze kusema jioni na maneno yake yakae. Ningependa wale abaremeshakiyago, wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, wafunzwe vile vikao tisa, na redio zetu zivirushe kwa Kirundi na kwa Kiswahili cha huku. Mashine iandae tafsiri ya kwanza, wazazi wenyewe waisahihishe kabla haijafika hewani, maana wao ndio watakaojua pale ilipoandika mkeka badala ya mukeke.

Kamusi yetu sasa ina maneno arobaini na moja. Shangazi anayo nakala, amebandika ukutani karibu na mtungi. Neno la mwisho limeingia jana. Dada alilisema kwenye simu taratibu, nami nimeliandika kama alivyolisema: "Mizigo nyuma. Amelisema mara tatu asubuhi, wakati dada yake anafunga mkoba kwenda shule, ameshika kamba ya mkoba haachi. Maana yake bado tunaitafuta."